Kitabu cha Mazoezi si Mwalimu: Funzo kutoka Majaribio ya Maofisa wa Jeshi

Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la ufundishaji likiacha kwa muda ubao na chaki, na kuzungumzia majaribio wanayopewa vijana wanaotaka kuwa maofisa wa jeshi. Hata hivyo mambo haya mawili yana udugu wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Maswali ya kuchagua jibu, ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyatunga mara kwa mara, yalienea duniani kwa kupitia jeshini. Hali kadhalika, vitabu vya mazoezi ambavyo wazazi huwanunulia watoto wao mtihani unapokaribia vina jamaa zao wa karibu katika vile vitabu vinene ambavyo kijana wa Kimarekani huvinunua anapotaka kupata cheo cha uofisa.

Katika makala haya tunakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, tutaeleza majaribio hayo yalianzaje na yanapima nini. Pili, tutaonyesha jinsi kijana mwenye busara anavyokitumia kitabu cha mazoezi ili kujiandaa. Tatu, tutatazama nini mwanachuo wa ualimu aweza kujifunza kutokana na hayo kabla hajakabidhiwa darasa lake la kwanza. Hoja yetu kuu ni moja: kitabu cha mazoezi ni kioo. Kioo humwonyesha mtu tongo lililo jichoni mwake, lakini kinachoondoa tongo ni maji. Mwalimu anayewapa watoto kioo bila maji amewadanganya.

Asili ya majaribio haya

Mnamo mwaka 1915 mwalimu mmoja aitwaye Frederick Kelly, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha ualimu cha Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, alitengeneza jaribio la kusoma kimya kwa ajili ya watoto wa shule. Alitaka kuondoa kasoro moja iliyowasumbua walimu wengi, yaani kwamba kazi ileile ya mtoto ilipewa alama za juu na mwalimu mmoja na alama za chini na mwingine. Kwa hiyo alitunga maswali ambayo kila moja lilikuwa na jibu moja tu sahihi, na mtoto alitakiwa kulionyesha kwa alama ya kalamu. Basi tukumbuke kwamba mbegu hii ilipandwa katika chuo kama hiki chetu.

Miaka miwili baadaye, yaani 1917, Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi lililokuwa dogo lilihitaji kupanuka upesi, na miongoni mwa maelfu kwa maelfu ya vijana walioandikishwa ilibidi wapatikane wa kufaa kuwa maofisa. Kamati ya wanasaikolojia ikiongozwa na Robert Yerkes ilikutana Vineland, New Jersey, ikatunga majaribio mawili. La kwanza liliitwa Alpha, nalo lilikuwa kwa wale waliojua kusoma Kiingereza. Lilikuwa na sehemu 8 na maswali 212. La pili liliitwa Beta, nalo lilikuwa la picha na michoro kwa wasiojua kusoma. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1919 watu wapatao 1,700,000 walikuwa wamekwisha kupimwa. Kila mmoja alipewa daraja kuanzia A hadi E, na waliopata madaraja ya juu ndio waliofikiriwa kwa uofisa.

Yafaa kutaja hapa jambo moja ambalo watungaji wenyewe walilihofia tangu mwanzo. Waliogopa kwamba vijana waliokwisha kupimwa wangewafundisha wenzao majibu kambini. Kwa sababu hiyo walitunga matoleo 5 ya Alpha yenye ugumu unaolingana. Basi suala la kujiandaa kwa kukariri majibu lina umri sawa na majaribio yenyewe.

Matokeo yalipochambuliwa, baadhi ya wataalamu waliyasoma vibaya sana. Walidai kwamba jaribio lilipima akili ya kuzaliwa, na kwamba mataifa na rangi fulani zina akili pungufu. Lakini tazama maswali yenyewe. Swali moja la Alpha lilitaka mtu aseme kama Crisco ni dawa, ni kitu cha kuulia vijidudu, ni dawa ya meno au ni chakula. Crisco yalikuwa mafuta ya kupikia yaliyouzwa katika maduka ya Marekani. Mtu aliyetoka kijijini Italia mwezi uliopita angejuaje? Katika Beta mtu alitakiwa kuongeza kitu kilichokosekana katika picha, na miongoni mwa picha hizo ulikuwapo uwanja wa tenisi usio na wavu na nyumba isiyo na dohani. Imeandikwa kwamba askari mmoja kutoka Sicily alichora msalaba mahali ambapo kwao huwekwa juu ya nyumba. Akahesabiwa amekosa.

Zaidi ya hayo, takwimu za jeshi zilionyesha kwamba wahamiaji walipata alama za juu zaidi kadiri walivyokuwa wamekaa Marekani kwa miaka mingi. Zilionyesha pia kwamba askari weusi kutoka baadhi ya majimbo ya kaskazini, kwenye shule zilizo bora, waliwapita kwa wastani askari weupe wa baadhi ya majimbo ya kusini. Mwalimu Mmarekani mweusi, Horace Mann Bond, aliliandika jambo hilo mwaka 1924. Kwa upande mwingine Carl Brigham, ambaye mwaka 1923 alitoa kitabu cha kutetea madai yale ya rangi na mataifa, aliyakana maandishi yake mwenyewe hadharani mwaka 1930.

Funzo la kwanza basi ni hili: alama ya mtihani hutuambia mtu amefunzwa nini na amezoea nini. Haituambii amezaliwa na nini. Mwalimu asemaye, "Huyu ni mzito tangu kuzaliwa," kwa kutazama karatasi moja ya mtihani, anarudia kosa ambalo wenye kulitenda walikwisha kulikiri karibu miaka mia moja iliyopita.

Jaribio la sasa lilivyo

Jeshi la Anga la Marekani lina jaribio lake la kuwapima wanaoomba uofisa, linalojulikana kwa kifupi kama AFOQT. Tumelichagua kuwa mfano kwa sababu muundo wake unajulikana wazi. Toleo liitwalo T lina sehemu 12 na jumla ya maswali 550, nalo pamoja na maelezo na mapumziko huchukua karibu nusu ya siku. Kati ya maswali hayo, 240 ni ya mtu kujieleza tabia yake mwenyewe, wala hayana jibu la kupatia au kukosa. Sehemu zilizobaki hupima lugha, hesabu, sayansi, uamuzi katika mazingira ya kazi, na mambo yahusuyo urubani.

Mwanachuo atafahamu vema zaidi tukitazama sehemu chache. Katika ulinganishaji wa maneno, mtahiniwa hupewa jozi ya maneno na kutakiwa kukamilisha jozi nyingine kwa uhusiano uleule. Kwa lugha yetu twaweza kusema: jembe kwa mkulima ni kama cherehani kwa nani? Katika usomaji wa majedwali hupewa jedwali kubwa la tarakimu na kutakiwa kuitaja namba iliyo pale safu mbili zinapokutana. Katika kuhesabu matofali huona mchoro wa rundo la matofali yaliyopangwa, na huulizwa tofali fulani linagusana na mengine mangapi, pamoja na yale yasiyoonekana. Katika usomaji wa vyombo vya ndege huona dira na chombo kionyeshacho mwinamo, kisha huchagua picha ya ndege inayolingana navyo.

Lililo gumu zaidi ni muda. Maswali 25 ya hesabu za maneno hupewa dakika 29, yaani kama sekunde 70 kwa kila swali, wala kikokotoo hakiruhusiwi. Maswali 25 ya maana za maneno hupewa dakika 5, yaani sekunde 12 kwa neno. Maswali 40 ya majedwali hupewa dakika 7. Maswali 30 ya matofali hupewa dakika 4 na nusu, yaani sekunde 9 tu kwa kila moja. Hapa ile methali yetu ya haraka kukosa baraka haina nafasi; mtahiniwa asiye na mazoea huishiwa na muda kabla hajaishiwa na maarifa.

Alama hutolewa kwa kumlinganisha mtahiniwa na kundi la wenzake. Anayepata 60 hakupata maswali 60 katika 100, bali amewafikia au kuwapita watu wapatao 60 katika kila watu 100 wa kundi la kulinganishia. Kwa kawaida mwombaji hana budi kufikia angalau 15 katika lugha na 10 katika hesabu. Anayetaka urubani hutazamwa pia kwa alama inayojumlisha hesabu, majedwali, vyombo vya ndege na maarifa ya usafiri wa anga. Mtu hawezi kuurudia mtihani kila atakapo, kwani kuna muda maalum wa kungoja. Kwa hiyo kila mwenye nia hujiandaa, na wachapishaji kama Barron's na Peterson's wamekuwa wakitoa vitabu vya kumsaidia.

Kitabu cha mazoezi hufanya nini?

Kitabu cha namna hii kwa kawaida huwa na maelezo ya kila sehemu, muhtasari wa hesabu na sayansi, mitihani kamili ya mfano, na majibu yenye maelezo. Hakina maswali ya mtihani halisi, kwa kuwa hayo ni siri. Je, humsaidia mtu kwa njia gani? Twaona njia mbili, na ni lazima kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni kumzoesha mtu umbo la mtihani. Aliyekwisha kuona marundo ya matofali mara hamsini hapotezi muda kusoma maagizo. Anajua agawe muda wake vipi, na anajua kwamba katika jaribio hili jibu la kubahatisha halipunguzi alama, hivyo haachi swali tupu. Faida hii ni ya kweli na ni ya haki, maana humwondolea mtu hofu na ugeni. Kama wale askari wa mwaka 1917 wangalipewa nafasi hiyo, huenda wengi wasingalihesabiwa wajinga. Lakini faida hii ina kikomo. Hupatikana upesi, katika mazoezi machache ya mwanzo, kisha husimama. Wala haimfuati mtu katika kazi yake. Hakuna rubani aliyeruka salama kwa sababu alijua kugawa muda wa mtihani.

Njia ya pili ni kumwonyesha mtu asilolijua ili aende akajifunze. Anayegundua kwamba hakuelewa uwiano, akarudi kwenye kitabu cha hesabu na kujifunza uwiano hadi akauelewa, amepata kitu kitakachodumu. Atakitumia katika mtihani, atakitumia akipima mafuta ya ndege, na atakitumia akigawa posho ya askari. Njia hii huchukua muda mrefu na jasho jingi.

Hatari iko hapa: mtu huweza kuipata faida ya kwanza akadhani ameipata ya pili. Alama zake katika mitihani ya mfano hupanda, moyo hufurahi, na ujinga hubaki palepale.

Namna ya kukitumia kitabu ipasavyo

Mtahiniwa mwenye busara hufuata utaratibu ambao twaweza kuueleza kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kujipima kabla ya kusoma chochote. Huufanya mtihani mmoja wa mfano kwa muda kamili uliowekwa, kimya, bila kutazama majibu. Alama atakazopata si za kujivunia wala za kusikitikia. Ni ramani ya safari.

Hatua ya pili ni kuyapanga makosa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni makosa ya kutojua, ambapo hata angepewa siku nzima asingelipata jibu. Fungu la pili ni makosa ya kutoelewa swali, ambapo somo alilijua lakini swali alilisoma vibaya. Fungu la tatu ni makosa ya haraka. Kila fungu lina dawa yake. La kwanza hutibiwa kwa kujifunza somo upya, la pili kwa kufunzwa kusoma kwa makini, na la tatu kwa mazoezi ya muda. Anayeyatibu yote kwa dawa moja, yaani kufanya mitihani zaidi na zaidi, ni kama mganga anayewapa wagonjwa wote kidonge kimoja.

Hatua ya tatu ni kukifunga kitabu cha mazoezi na kwenda kwenye somo lenyewe. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka.

Hatua ya nne ni kujikumbusha bila kutazama, kwa vipindi vilivyoachana. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari mara mbili. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha likaandika lilichokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka kama asilimia 42 ya habari, na waliojikumbusha asilimia 56. Kwa hiyo anayekisomasoma kitabu hujiona anajua usiku ule, ila anayekifunga na kujiuliza ndiye atakayejua siku ya mtihani. Zaidi ya hayo, nusu saa kila siku kwa majuma sita humfaa mtu kuliko saa nyingi za mfululizo katika siku mbili za mwisho.

Hatua ya tano ni kurudi kwenye mtihani mwingine wa mfano, usio ule wa kwanza, ili kuona kama makosa ya fungu la kwanza yamepungua. Akiurudia uleule atapima kumbukumbu yake ya majibu tu.

Tuliyoyatenda sisi wenyewe

Hatuandiki haya kama watu wasio na doa. Kabla ya kuingia katika kazi ya ukufunzi tulifundisha hesabu darasa la saba kwa miaka kadhaa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulipokaribia, tuliweka kando muhtasari wa somo, tukakusanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, nasi tukawapitisha watoto humo asubuhi na jioni. Alama za majaribio ya kila juma zilipanda. Mwalimu mkuu alifurahi, wazazi walifurahi, na sisi tulifurahi kuliko wote.

Siku moja tulianza kusoma swali: "Mafundi 6 hujenga ukuta kwa siku 8. Mafundi 4..." Kabla hatujamaliza, kijana mmoja alisimama akasema, "Kumi na mbili, mwalimu." Jibu lilikuwa sahihi. Darasa lilimpigia makofi. Kwa kutaka kumwonyesha mfano zaidi, tukauliza, "Na wakiwa mafundi 3?" Akajibu vilevile, "Kumi na mbili." Tukamwuliza kwa nini. Akasema kwa upole, "Ndilo jibu lake, mwalimu."

Tulisikia, lakini hatukusimama. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma matatu, nasi tuliendelea kama tulivyoanza. Kijana alifaulu, akachaguliwa kuingia sekondari. Baada ya muhula mmoja mama yake alikuja shuleni akiwa na madaftari ya mwanawe yaliyofungwa kwa kanga. Aliyaweka mezani, akasema, "Shikamoo mwalimu. Mtoto wangu kwako alifaulu. Mbona huko wanasema hajui kitu?"

Tuliyafungua madaftari yale. Palipohitaji uwiano hapakuwa na hata mstari mmoja wa kazi. Palikuwa na majibu matupu, na kando yake alama nyekundu. Hatukuwa na la kumjibu mama yule. Tulikuwa tumempa mtoto wake kioo, tukamnyima maji.

Nini afanye mwalimu wa shule ya msingi

Hatusemi kwamba karatasi za mitihani iliyopita zitupwe. Mtoto wa shule ya kijijini ana haki ya kulijua umbo la mtihani kama alijuavyo mtoto wa mjini. Tunasema kwamba zitumiwe mahali pake. Yafuatayo yatamsaidia mwalimu.

Kwanza, asitumie jibu la mtoto kama hukumu, bali kama mlango wa kuingilia katika fikra zake. Chukua swali hili la namna ya majaribio ya maofisa: "Askari 12 wana chakula cha siku 10. Wakiongezeka askari 8, chakula kitatosha siku ngapi?" Majibu ya kuchagua ni (A) 2, (B) 6, (C) 15, (D) 18, (E) 20. Jibu sahihi ni 6, kwa kuwa posho za siku moja ni 120 na askari sasa ni 20. Lakini tazama majibu mengine. Aliyechagua 2 ametoa 8 kutoka 10. Aliyechagua 15 amejua kwamba posho ni 120, ila amegawanya kwa askari wapya tu. Huyu yu karibu kufika. Aliyechagua 18 amejumlisha 10 na 8 bila kufikiri. Aliyechagua 20 amehesabu askari badala ya siku. Watoto wanne wamekosa, nao wanahitaji masomo manne mbalimbali. Mwalimu anayeandika mkasi mwekundu juu ya wote wanne na kupita hajafundisha.

Pili, kila swali la karatasi ya zamani alibadilishe tarakimu na mazingira kabla ya kulitumia tena, na mara kwa mara awaambie watoto watunge swali lao wenyewe la namna ileile. Mtoto awezaye kutunga swali ameelewa.

Tatu, ustadi unaopimwa kwa karatasi aufundishe kwa vitu. Yale matofali yanayowasumbua waombaji wa uofisa twaweza kuyaleta darasani kwa viberiti vitupu. Watoto wapange viberiti 12 katika rundo, wakisie kila kimoja kinagusana na vingapi, kisha walibomoe rundo na kuhakikisha. Baada ya kushika ndipo wachore, na baada ya kuchora ndipo wajibu maswali ya mchoro. Vivyo hivyo usomaji wa majedwali uanze kwa ramani ya darasa: safu ya tatu, dawati la pili, nani ameketi?

Nne, asisahau kwamba yako mambo ambayo karatasi haiyafikii. Uingereza ililitambua hilo katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 jeshi lake lilianzisha bodi maalum za kuchagua maofisa, ambako waombaji walikaa pamoja siku kadhaa wakipewa kazi za vikundi bila kiongozi aliyeteuliwa, huku wapimaji wakitazama nani huwasikiliza wenzake na nani huwasukuma tu. Daktari Wilfred Bion alikuwa miongoni mwa waliobuni zoezi hilo. Mwalimu naye awatazame watoto wake katika kazi za vikundi, bustanini na michezoni, naye aandike anayoyaona. Pengine yule aliye wa mwisho katika karatasi ndiye wenzake humwendea wakikwama.

Hitimisho

Kijana anayeomba uofisa ni mtu mzima. Akikitumia kitabu vibaya hujidhuru mwenyewe, naye aweza kujirekebisha. Mtoto wa shule ya msingi hachagui namna ya kuandaliwa; amemwamini mwalimu wake. Kwa sababu hiyo wajibu wetu ni mkubwa kuliko wa mchapishaji yeyote wa vitabu vya mazoezi. Ndugu mwanachuo, utakapofika shuleni na kukuta rundo la karatasi za zamani mezani, zitumie kwanza kuwapima watoto, kisha zifunge kabatini ufundishe, na uzifungue tena mwishoni. Mama wa mwanafunzi wako akija siku moja na madaftari mkononi, uwe na la kumwambia.

Maswali ya kujadili

1. Chukua maswali matano ya hesabu kutoka mtihani wowote uliopita. Kwa kila jibu lisilo sahihi, eleza mtoto aliyelichagua alifikiri nini.

2. Tunga andalio la somo la dakika 40 juu ya uwiano kwa darasa la sita, ambalo ndani yake swali la mtihani litatumika mara moja tu. Eleza kwa nini umeliweka hapo ulipoliweka.

3. Katika jaribio la mwaka 1917 swali kuhusu mafuta ya Crisco liliwaonea wageni. Tafuta katika kitabu chochote cha mazoezi swali ambalo laweza kumwonea mtoto wa kijijini au wa mjini, ulirekebishe.